Plebeki ya albamu ya 2019: shajara ya kufufua projekti za zamani za REAPER

Jumamosi 1 Machi 2025

Mwalimu wa kwaya kaja studio leo jioni baada ya mazoezi, kakaa kwenye stuli ya mpiga drams, akasema "mwanangu, tunaomba instrumentali za zile nyimbo nane za albamu ya kwanza, Pasaka tunakwenda uinjilisti Tunduma na huko hatubebi vyombo, tutaimba kwa plebeki." Nikamjibu haina shida Mwalimu, hiyo ni kazi ya siku mbili. Nilijibu hivyo kwa sababu mimi najua ile albamu ninayo, nimeirekodi mwenyewe hapa Mbeya Agosti na Septemba 2019, ikatoka kwenye kompyuta ya zamani ikaenda kwenye laptopu, ikatoka kwenye laptopu ikaenda eksteno (diski ya nje) ya kwanza, na ya kwanza inajikopi kwenye ya pili kila Jumapili usiku.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Naandika kila hatua hapa ili siku nyingine nikiulizwa nijue nilifanya nini na lini.

Usiku huu nimefungua folda. Inaitwa KWAYA_2019 na ndani yake kila kitu kimemwagwa pamoja, nyimbo zote nane, faili za RPP 43 (projekti za REAPER, programu ninayorekodia na kuchanganyia muziki), zile za rpp-bak 31 (bakapu zake), na WAV (faili za sauti yenyewe) zaidi ya 600, hakuna folda hata moja ya ndani. Nimejaribu kufungua nyimbo moja moja. Tano zimefunguka bila maneno. Mbili zinalalamika kwamba kuna faili chache hazionekani. Na moja, ule wimbo wa Zaburi ya 23, ambao ndo watu wanaupenda kuliko zote, imefunguka na orodha ndefu ya faili zilizopotea, nikabonyeza kupuuza zote, vipande vyote vya sauti vikawa vitupu, yani treki zipo (mistari ya kila chombo na kila sauti), majina ya efekti yapo, mistari ya volyumu ipo, sauti hamna.

Jumanne 4 Machi

Nimekaa na hii kitu siku tatu. Kwanza nilidhani nimefungua toleo bovu, nikajaribu matoleo yote matano ya huo wimbo, v01 mpaka v05, na bak zake. Hadithi ni ile ile. Nikahamia eksteno ya pili, nako ni hivyo hivyo.

Kwa ambao hawajawahi kufanya hivi, faili ya RPP ni maandishi matupu, unaweza kuifungua kwa Notepad ukaisoma kama barua. Haina sauti ndani. Ina mstari wa kwanza unaosema ilisevuliwa na toleo gani la REAPER, ina tempo, ina majina ya treki, ina zile herufi ndefu zisizosomeka ambazo ni seting za plagini (viprogramu vya vyombo na efekti vinavyofanya kazi ndani ya REAPER), na kila kipande cha sauti kina mstari kama huu:

FILE "07-190817_1422.wav"

Hiyo ndo anuani tu. Sauti yenyewe inakaa pembeni kwenye WAV, na WAV ikiondoka projekti inabaki ramani ya nyumba iliyobomolewa. Sasa hilo jina linasema mengi ukilisoma taratibu, treki ya 7, mwaka 2019 mwezi wa 8 tarehe 17, saa nane na dakika 22 mchana. Nikaangalia kalenda, ilikuwa Jumamosi. Nikaikumbuka ile siku. Umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi saa saba na nusu, kwaya nzima imesubiri nje chini ya mti, tukaanza kurekodi haraka haraka sikuwahi hata kuandika majina ya treki, ndo maana faili za siku hiyo zina namba na tarehe tu. Nyimbo nyingine zote zina majina kamili, KINANDA, RIZIMU, SAUTI YA KWANZA, SAUTI YA PILI.

Nikazihesabu kwa kutafuta neno 190817 kwenye RPP. Faili 22. Kwenye folda, hata moja.

Ijumaa 7 Machi

Nimepata jibu na limeniumiza.

Novemba 2022 eksteno ilikuwa imejaa, nikafungua wimbo mmoja wa ile albamu nikatumia ile komandi ya REAPER ya kusafisha folda ya projekti. Inakuletea orodha ya faili ambazo projekti *iliyofunguliwa muda huo* haizitumii, unachagua za kufuta. Mwongozo wa REAPER unatahadharisha kabisa usiitumie kama folda moja ina projekti zaidi ya moja. Folda yangu ilikuwa na nyimbo nane. Orodha ilikuja na mamia ya faili, zenye majina nikaziacha maana nilijua ni za nyimbo nyingine, zile za namba tupu nikasema hizi ni teki (marudio ya kurekodi) za majaribio, na nyingine chache ambazo jina lake halikunikaa kichwani, nikafuta, nikamwaga na pipa la taka. Nilipata GB 3 hivi.

Jumapili yake robocopy, ile komandi ya Windows inayokopi eksteno ya kwanza kwenda ya pili, ikafanya kazi yake. Nilikuwa nimeiwekea /MIR, maana yake eksteno ya pili iwe sawasawa na ya kwanza, na kilichofutwa huku kifutwe na kule. Kwa hiyo miaka hii yote nilikuwa na diski mbili nikiamini nina bakapu, kumbe nina kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, na kosa langu likakopiwa kwa uaminifu kabisa. Sikugundua kwa sababu tangu 2019 hakuna aliyeomba kitu kwenye huo wimbo na mimi sikuwahi kuufungua.

Kinachonikera zaidi ni hesabu. Tulirekodi kwa 48 kHz biti 24, maiki moja dakika moja inakula MB 8.64. Faili zote 43 za RPP kwa pamoja ni MB 14. Yani matoleo yote ya albamu nzima, kila miksi, kila jaribio, ni sawa na dakika moja na nusu na kidogo ya maiki moja. Watu tunafuta matoleo ya zamani tukidhani tunapunguza mzigo, mzigo hauko hapo hata kidogo.

Jumapili 9 Machi

Baada ya ibada nikamfuata Mwalimu nikamwambia ukweli wote, sikuzunguka. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "si ulitupa zile sidii? Ziko ofisini, kabati la katibu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Desemba 2019 kabla ya kuhama kompyuta nilichoma faili ghafi zote kwenye DVD tano nikawakabidhi, kwa sababu mwenyekiti wa wakati ule alisisitiza kwamba sauti ni mali ya kwaya na lazima kwaya iwe na nakala yake. Mimi niliona anasumbua. Mama yule alikuwa na akili sana na nitamwambia uso kwa uso.

DVD zipo kweli, kwenye bahasha ya kaki, zimeandikwa kwa maka pen namba 1 mpaka 5. Laptopu yangu haina sehemu ya DVD. Nimeazima kidude cha kuchomeka USB kwa jamaa mmoja wa steshenari pale Kabwe.

Jumatano 12 Machi

Namba 1, 2, 4 na 5 zimesoma zote. Zile nyimbo mbili zenye mapengo zimekamilika, nimezifungua nimezisikiliza mwanzo mpaka mwisho, ziko salama.

Namba 3 ndo ina tarehe 17 Agosti. Ina mikwaruzo kama imeburutwa kwenye saruji. Nikaanza kukopi kwa Windows kawaida ikagoma njiani, nikahamia robocopy, na hapa kuna kitu cha kujua, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka usipoiambia kitu inajaribu tena mara milioni moja na kila mara inasubiri sekunde 30, kwa hiyo utazeeka hapo. Nimeweka /R:2 /W:5, ijaribu mara mbili kila baada ya sekunde tano halafu iendelee na nyingine.

Saa nne usiku imemaliza. Kati ya faili 22 zimekuja 14. Nimeisafisha DVD kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kutoka katikati kwenda nje, nikajaribu tena, hakuna iliyoongezeka. Nane zilizobaki: teki zote tano za gitaa la solo, na tatu za makofi.

Sauti zote za waimbaji zimepatikana. Besi ipo. Rizimu ipo. Nimeshukuru Mungu nikalala.

Jumamosi 15 Machi

Mtu anaweza kuuliza kinanda na drams vimetoka wapi maana kwenye zile 22 hakuna. Hivyo vilikuwa MIDI, yani kumbukumbu ya noti zilizobonyezwa na si sauti, na MIDI kwenye REAPER inaandikwa ndani ya RPP yenyewe isipokuwa uwe umeamua vingine. Kwa hiyo hata nilipofuta WAV, mikono ya mpiga kinanda wetu ilikuwa imekaa salama ndani ya maandishi muda wote. Nimeiangalia kwa Notepad, mistari mamia kwa mamia ya namna hii:

E 480 90 3c 60

480 ni muda tangu tukio lililopita, kwenye faili hii pigo moja ni 960 kwa hiyo hapa ni nusu pigo. Tatu zinazofuata zimeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita. 90 ni kubonyeza noti. 3c ni noti namba 60, ile do ya katikati ya kinanda. 60 ya mwisho ni nguvu ya kidole, kwa hesabu ya kawaida ni 96 kati ya 127. Nimekaa nasoma noti za mtu aliyepiga miaka mitano na nusu iliyopita kama nasoma mwandiko wake, na pale kwenye kiitikio anapobonyeza kwa nguvu zaidi unaona namba zinapanda. Nimeguswa kwa kweli.

Plagini ya kinanda tuliyotumia siku hizi sina. REAPER wakati wa kufungua inakutajia kabisa efekti zilizokosekana. Nimeweka piano nyingine, haiko mbali. Kuanzia sasa nikimaliza wimbo kila chombo cha MIDI nakirenda kuwa WAV pia, noti zinaishi ila sauti ya plagini haina uhakika.

Jumamosi 22 Machi

Swali la wiki hii: toleo lipi ndo lililotoka kwenye albamu? Kuna v01 mpaka v05 na tarehe ya mwisho ni v05. Nikaanza na v05 moja kwa moja, nikafanya kazi saa mbili nzima, halafu nikailinganisha na wimbo wenyewe, tempo haifanani! v05 lilikuwa jaribio la kuuchangamsha wimbo, kwaya wakaukataa, nami nikalisevu nikaliacha hapo bila maelezo. Kwa hiyo tarehe ya karibuni si ushahidi wa chochote.

Nimetumia njia hii ambayo naipenda. Kwenye folda ilikuwepo miksi ya mwisho ya stirio, WAV biti 24 kabla ya kufanyiwa masta (ile hatua ya mwisho ya kung'arisha). Unaiweka kwenye treki yake pembeni ya projekti, unaipanga ianze sampuli ile ile, unaigeuza poraliti, yani mawimbi yake yanakuwa juu chini, halafu unacheza vyote pamoja. Kinachofanana kinauana. Ukisikia kimya, umepata toleo lako. v02 imeacha makelele ya kila kitu. v03 nayo sauti ya pili inabaki wazi kabisa, nadhani hapo katikati niliipandisha. v04 nikabonyeza pleya na karibu kila kitu kikazama, ukiacha kile kinanda chenye plagini mpya.

Na kwenye kile kimya, kwa mbali, gitaa la solo likabaki linapiga peke yake.

Nilisimamisha nikarudia kama mara sita. Ni kweli, ni hesabu tu, miksi nzima ukitoa kila kitu ulichonacho inabaki kile usichonacho. Nikazima kinanda, nikalisikiliza vizuri. Halifai kutumika kwenye rekodi, kinanda cha zamani kipo juu yake, makofi yapo, na kompresa (inayobana sauti zikizidi) niliyoweka kwenye treki kuu ya miksi inabadilika pale gitaa lisipokuwepo kwa hiyo sauti za kwaya zinavujavuja kama watu wanaongea chumba cha pili. Ila melodi unaisikia, noti kwa noti, hadi ule mteremko wa kabla ya ubeti wa tatu ambao nimejaribu kuukumbuka wiki nzima.

Nilijaribu pia Demucs, ile programu ya bure ya kutenganisha sauti, kwenye miksi nzima. Uimbaji inautoa vizuri kiasi, lakini gitaa na kinanda vinakuja kama uji mmoja, na kwaya ya sauti nne ikishuka chini inaondoka na kipande cha nyuzi za kinanda. Kwa plebeki ya haraka ingetosha. Mimi sikuridhika.

Jumamosi 29 Machi

Mpiga solo siku hizi anaishi Vwawa. Nilimtumia kile kivuli cha gitaa kwa WhatsApp, sekunde 40 hivi, sikumwambia ni nini. Alipiga simu hapo hapo, "kaka hili si langu hili? Umelitoa wapi na wengine wote wako wapi?"

Leo kaja na kosta ya asubuhi na gitaa lake. Hatukupiga kitu kama saa nzima, tumekaa tunasikiliza tu. Anasema kuna sehemu mbili alizokosea siku ile na zikabaki kwenye albamu na watu wakazizoea, akauliza azirekebishe au azipige vile vile? Tumempigia Mwalimu, kasema zipigwe vile vile, waimbaji wanaingilia hapo. Tumerekodi teki sita, ya nne ndo yenyewe. Makofi tumepiga sisi wawili tukayarudia mara tatu.

Treki zote zina majina kabla ya kubonyeza rekodi.

Jumamosi 5 Aprili

Leo ni kazi ya kupanga, sijagusa muziki. Kila wimbo nimeufungua, nikausevu upya kwa kutiki kuunda folda mpya na kukopi sauti zote ziingie humo. Nyimbo nane, folda nane. Ndani ya kila folda matoleo yote ya RPP yamebaki, hakuna hata moja nililofuta, nimeongeza tu faili ndogo ya maandishi inayosema v01 ni nini, v04 ndo iliyotoka, v05 ni jaribio lililokataliwa na nani. Hiyo faili imenichukua dakika kumi kwa kila wimbo.

Zile faili za reapeaks nimezifuta, hizo ni picha za mawimbi tu, REAPER inazichora upya yenyewe. Kusafisha folda sitatumia tena mpaka wimbo uwe umekopiwa sehemu nyingine na nimeifungua hiyo kopi.

Kwenye robocopy nimetoa /MIR nimeweka /E, inaongeza vipya na haifuti kitu. Najua faili iliyobadilika itaandikwa juu ya ile ya zamani, ndo maana sisevu juu ya toleo, natumia ile ya kusevu toleo jipya inayoongeza namba yenyewe. Sevu ya otomatiki nimeiweka kila dakika tano kwenye folda ya pembeni, wakati haturekodi, kwa ajili ya umeme.

Eksteno ya pili inakwenda kukaa kwa Mwalimu, naibadilisha kila mwezi na ya tatu niliyonunua wiki hii. Kuna mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndo aliyeeneza ile kanuni ya nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya nyumba. Nilikuwa naijua tangu zamani nikadhani naifuata. Mtandaoni nimepandisha RPP zote na faili za maandishi tu, bando la kupandisha GB 18 za WAV sina, lakini MB 14 naweza hata kwa simu, na kwenye RPP kuna MIDI. Google wanatoa GB 15 bure, RPP za maisha yangu yote hazitazijaza.

Bendi za zamani kama NUTA Jazz na Western Jazz tunazisikia mpaka leo kwa sababu kuna watu Radio Tanzania walizitunza tepu za rili. Kwaya yetu si NUTA Jazz, ila kwa watu wa usharika huu ina uzito ule ule.

Jumamosi 12 Aprili

Jaribio la mwisho. Nimekwenda kwa Mwalimu na laptopu ya mdogo wangu ambayo haijawahi kuona hizi projekti, nimeweka REAPER ya majaribio, nikachomeka eksteno inayokaa kwake, za kwangu zote nimeziacha nyumbani. Nyimbo saba zimefunguka bila swali hata moja. Wa Zaburi ukauliza faili moja, nikashtuka, kumbe teki moja ya makofi niliirekodi ikaenda kwenye folda ya kawaida ya REAPER nje ya folda ya wimbo, na RPP ikaandika anuani ndefu ya C ya laptopu yangu. Nimerudi nyumbani nikaikopi, nikasevu v06, nikarudi tena kwa Mwalimu nikafungua upya. Safi.

Plebeki nane nimemkabidhi kwenye flashi, WAV na mp3, kila jina lina tempo na ufunguo wa wimbo. Kaweka wa Zaburi kwanza, kwenye spika ya sebuleni, mama watoto wake akatoka jikoni na mwiko mkononi akaanza sauti ya pili kuanzia ubeti wa kwanza.